Gari Ikigonga, Tuulize Mbele ya Kufungua Sanduku

Juma lililopita tuliongea juu ya daftari la sanduku na namna ya kuandika madeni. Leo tunaendelea na mali ya kikundi, lakini tunaingia mahali ambapo wengi wetu tumezoea kusema, "Hiyo ni kazi ya wanaume." Tunaingia kwenye moteri ya gari.

Gari yetu mnaijua. Ni Volkswagen ya mwaka 1987, ile isiyo na pua, moteri yake iko nyuma. Tuliinunua mkono wa pili kwa mchango wa miaka 2. Siku za soko inashuka Kasenyi kuleta samaki. Siku za matanga inabeba viti na masufuria. Na usiku, simu ikilia, inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa hiyo gari ikiugua, si chuma peke yake kinachougua.

Basi, iliugua. Au tuseme ukweli: tulidhani inaugua, tukaifanya iugue kwelikweli.

Ilianza hivi. Habari za barabara hazikuwa nzuri, tukaamua gari isitoke kwanza. Ikalala kwenye parsele majuma 3. Siku tuliyoiwasha, moteri ikalia tak-tak-tak-tak, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko. Shofere akaogopa, sisi tukaogopa zaidi. Hatukungoja hata dakika 5. Tukaizima, tukaipeleka garaji siku ileile.

Fundi akasikiliza, akasema, "Wamama, hizi ni supapu. Zimelegea. Lazima tuzirekebishe." Tukalipa dola 40. Jioni akaturudishia gari. Ikawa inagonga kuliko asubuhi. Na jambo baya zaidi: asubuhi haikupata nafasi ya kunyamaza, lakini sasa hata moteri ikishika moto hainyamazi. Tulipomrudia, alisikiliza tena, akatikisa kichwa, akasema vitu vya ndani vimekufa, moteri ifunguliwe yote. Dola 450.

Sanduku letu siku ile lilikuwa na dola 610, na wote tunajua pesa hizo zilikuwa za nini. Mwezi wa 9 ulikuwa unakaribia, na watoto wa sekondari walikuwa wanangoja minervali. Tukakutana. Mweka hazina wetu akasema neno ambalo lilikasirisha wengi: "Pesa hii haitoki mpaka mtu anieleze, kwa maneno ninayoelewa, ni kitu gani kimekufa na kimeuawa na nini." Kulikuwa na kelele. Mama mmoja alimwambia kwamba anapenda makaratasi kuliko uhai wa wenzake. Maneno hayo yaliumiza, na yaliumiza zaidi siku 2 baadaye, wakati mmoja wetu aliposhikwa na uchungu saa 8 za usiku na akapelekwa hospitali kwenye pikipiki, katikati ya shofere na mama mkwe wake. Alifika salama, mtoto pia. Lakini tangu usiku ule hakuna aliyekuwa na usingizi mzuri juu ya jambo la gari.

Mweka hazina hakubishana. Alitafuta mtu wa kumweleza. Akampata papa mmoja mzee, fundi aliyekwisha kuacha kazi, ambaye zamani alitengeneza magari ya namna hii. Papa alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti, akaomba gari iwashwe, kisha akauliza swali moja: "Nani aliwaambia kwamba gari hii ina nafasi ya kupimwa kwenye supapu?"

Tukamwomba atueleze polepole. Haya ndiyo aliyotufundisha, na tunayaandika hapa kwa sababu kikundi kingine kinaweza kuyahitaji kesho.

Supapu ni milango midogo ya moteri. Gari yetu ina silinda 4, na kila silinda ina milango 2: mmoja wa kuingiza hewa na esansi, mwingine wa kutoa moshi. Jumla ni supapu 8. Milango hiyo inafunguka na kufungwa mara nyingi sana kila dakika, na inafunguliwa na chuma kinachosukumwa kutoka ndani ya moteri. Kile kisukumio mafundi wetu wanakiita pusuaru.

Wamama mnajua mlango wa mbao. Wakati wa mvua unavimba, na kama seremala hakuacha nafasi kidogo, haufungiki tena. Chuma nacho kikipata moto kinavimba. Ndiyo maana kwenye moteri nyingi za zamani fundi anaacha nafasi nyembamba sana kati ya supapu na chuma kinachoisukuma. Kwenye Kombi za zamani, zile zilizopozwa na upepo na zenye pusuaru ngumu za chuma kitupu, nafasi hiyo ilikuwa milimita 0,15. Fundi anaipima kwa kipande chembamba cha chuma. Nafasi ikizidi, moteri inagonga. Ikikosekana, supapu haifungiki vizuri, inaungua.

Lakini kuanzia mwaka 1982 Volkswagen ilianza kutia kwenye gari ya umbo hili moteri ya esansi inayopozwa na maji, na pusuaru zake si za chuma kitupu. Ni za mafuta. Fundi wa Kifaransa anasema "za hidroliki". Ndani ya kila pusuaru kuna pistoni ndogo, springi na shimo dogo lenye kifuniko. Mafuta ya moteri yanaingia, yanajaza, na pistoni inasukumwa mpaka nafasi yote inakwisha. Chuma kikivimba, pusuaru inapunguza kidogo. Chuma kikipoa, inaongeza. Inajirekebisha yenyewe, kila wakati, bila fundi.

Papa alitupa mfano wa bomba la sindano. Ukilijaza maji, ukaziba mdomo wake kwa kidole, huwezi kulibonyeza: ni gumu kama jiwe. Lakini kukiwa na hewa ndani, linabonyea. Pusuaru ni vilevile. Ikijaa mafuta ni ngumu na kimya. Ikiwa na hewa inabonyea, na moteri inagonga.

Hapo tukaelewa kelele ya siku ya kwanza. Kwenye moteri hii silinda zimelala ubavu, 2 kila upande, na pusuaru nazo zimelala. Gari ikikaa majuma mengi bila kuwashwa, mafuta yanachuruzika polepole kutoka ndani yake na hewa inaingia. Ukiwasha, inagonga dakika za kwanza mpaka mafuta yajaze tena. Ile tak-tak iliyotutisha haikuwa ugonjwa. Gari ilikuwa inaamka tu. Tungeiacha ingurume kwa muda, huku tukiangalia taa nyekundu ya mafuta, labda ingenyamaza yenyewe.

Na fundi wetu wa kwanza alifanya nini? Alifanya kazi yake vizuri, lakini kazi ya gari nyingine. Alijifunza kwenye Kombi ya upepo. Aliona Volkswagen, akaona visi za kurekebisha supapu, akaacha nafasi ya milimita 0,15 kama alivyofundishwa. Kumbe pusuaru ya mafuta haitaki nafasi. Inataka kubonyezwa kidogo, ili pistoni yake ikae katikati ya safari yake na iweze kwenda mbele na nyuma. Ikiachwa na nafasi kubwa kuliko inavyoweza kujaza, chuma kinapiga chuma mchana kutwa, na kweli siku moja kitaharibika.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi, na wengi wetu tulisimama pale tukiangalia tangu mwanzo mpaka mwisho.

Gari ilizimwa tangu jana yake, moteri ikawa baridi kabisa. Kwanza papa aliangalia mafuta. Kwenye gari yetu, nyuma, kibao cha namba kinafunguka kama kijimlango, na ndani yake ndipo fimbo ya kupimia mafuta ilipo. Mafuta yalikuwa chini ya alama ya chini, tena meusi na mazito. Tuliona haya. Tulikuwa tunaongeza mafuta yoyote yanayopatikana kwenye chupa bila jina, na tarehe ya kubadilisha hakuna aliyeiandika. Akamwaga yote, akaweka filtri mpya na mafuta mapya yenye kopo lililofungwa.

Kisha kijana wake aliingia chini. Kila upande wa moteri kuna kifuniko kilichoshikwa na waya wa springi. Alikitoa na kuweka sahani chini ya kukinga mafuta. Ndani tuliona vyuma vinavyobonyeza supapu, mafundi wanaviita kilibiteri, kila kimoja na visi yake na ekuru ya kukazia.

Papa aligeuza moteri kwa mkono mpaka silinda ya 1 ikawa juu kabisa, supapu zake zote 2 zimefungwa. Kilibiteri zikichezacheza bila kusukuma kitu, ujue ndiyo mahali pake. Kijana akalegeza ekuru kwa funguo ya 13, akarudisha visi nyuma, kisha akaikaza polepole kwa turnevisi mpaka ikagusa tu kichwa cha supapu. Kugusa, bila kusukuma. Kutoka hapo akahesabu kwa sauti: mzunguko mmoja, wa pili. Mizunguko 2 kamili. Akaishika visi isigeuke, akakaza ekuru. Basi.

Baada ya silinda ya 1 walifuata ya 4, kisha ya 3, kisha ya 2, kwa sababu ndivyo moto unavyofuatana kwenye moteri hii. Kila mara waligeuza moteri nusu mzunguko. Visi 8, mizunguko 2 kila moja. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alishika kalamu na kuandika kila visi iliyomalizika, na mara moja alimsimamisha kijana: "Hiyo umezungusha mara moja tu." Kijana akarudi, akaona ni kweli. Papa alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

Walisafisha mahali pa vifuniko, wakaweka joini mpya ili mafuta yasidondoke juu ya bomba la moshi ambalo liko karibu, wakafunga. Sisi tulitaka kuwasha mara moja. Papa akakataa. Alisema pusuaru iliyojaa ikibonyezwa inaishikilia supapu wazi kidogo, na inahitaji muda wa kutoa mafuta yaliyozidi. Tulingoja nusu saa, tukanywa chai. Ndipo shofere akawasha.

Iligonga. Tukaangaliana. Papa akainua mkono: ngojeni. Dakika 1, dakika 2. Kelele ikapungua, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, mpaka tukasikia mngurumo tu. Mama aliyempinga mweka hazina alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Hakusema mengi, na mwenzake hakudai aseme.

Hesabu tuliisoma mbele ya wote: mafuta, filtri na joini, dola 38. Mkono wa papa na kijana, dola 25. Jumla dola 63, si 450. Ukiongeza zile 40 za kwanza, jambo zima lilitugharimu dola 103. Minervali ya watoto ilibaki sandukuni.

Tunataka kusema neno moja juu ya fundi wa kwanza. Wengine walitaka tumdai zile dola 40 kwa nguvu. Tulifanya namna nyingine: tulimwita aje siku ya kazi, aangalie. Alikuja. Alisimama kimya, kisha akauliza maswali mazuri kuliko ya wote. Alisema hakuna aliyewahi kumwonyesha tofauti hiyo, kwa sababu kwenye garaji zetu gari nyingi ni Toyota, na Volkswagen ya maji ni chache. Alirudisha dola 20 mwenyewe, na leo ndiye anayetubadilishia mafuta. Mtu asiyejua si mwizi. Lakini sisi tunaotoa pesa bila kuuliza ndio tunaomfanya asijue siku zote.

Sasa, kwa vikundi vyenye gari au jenereta au mashine ya kusaga, haya ndiyo tuliyoyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la gari:

1. Jueni moteri yenu ni ya namna gani, muandike: jina la gari, mwaka, inapozwa na maji au upepo, pusuaru za chuma au za mafuta. Kuna gari zenye pusuaru za mafuta ambazo hazina hata visi ya kurekebisha. Huko fundi akidai pesa za kurekebisha nafasi ya supapu, mwombeni awaonyeshe visi hiyo iko wapi.

2. Gari yenye pusuaru za mafuta ikigonga, mafuta yaangaliwe kwanza, mbele ya kitu kingine chochote. Gari isimame mahali sawa, izimwe, mngoje dakika 5, ndipo mvute fimbo. Mafuta yakipungua, au yakiwa machafu, au ya namna isiyofaa, pusuaru hazijai.

3. Kelele ya asubuhi inayokwisha baada ya muda mfupi, hasa gari ikiwa imekaa, si ya kutisha. Kelele isiyokwisha hata moteri ikiwa moto ndiyo ya kuitia fundi. Na kama taa nyekundu ya mafuta inawaka wakati moteri inanguruma, zima papo hapo, hata kama mko njiani. Kuendelea hapo ni kuua moteri.

4. Visi zirekebishwe moteri ikiwa baridi. Kwenye gari ya namna yetu: mpaka iguse, kisha mizunguko 2. Wako mafundi wanaosimama kwenye mzunguko 1 na nusu kwa moteri iliyochoka. Wakizidisha sana, supapu haifungiki, nguvu inapungua, na ile ya kutolea moshi inaungua.

5. Gari isikae majuma mengi bila kuwashwa. Sisi sasa tunaiwasha kila siku ya 4, hata isipokuwa na safari, mpaka moteri ishike moto.

6. Kila mafuta yanapobadilishwa, andikeni tarehe, kilometa na jina lililo kwenye kopo. Mama mmoja awe na daftari hilo, na asiwe shofere.

7. Kazi yoyote inayopita dola 50, fundi aieleze mbele ya angalau wamama 3, kwa maneno wanayoelewa. Asipoweza kueleza, tunamshukuru, tunatafuta mwingine.

Ile ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. Mnajua barabara ya Kasenyi: ziwa liko kama mita 600 juu ya bahari, na Bunia inapita mita 1.200. Kurudi na mzigo wa samaki ni kupanda mlima wote ule kwa moteri moto. Gari ikifa pale jioni, jambo si samaki kuoza tu. Kila mmoja wetu anajua maana ya kulala njiani siku hizi. Kwa hiyo mama anayeuliza "ni nini kimekufa, na kimeuawa na nini" hachelewishi safari. Anahakikisha gari itarudi.

Juma lililopita gari ilishuka na kupanda bila shida. Usiku wa Jumatano simu ililia, na shofere akawasha mara moja. Iligonga kidogo, ikanyamaza, ikaenda. Mtoto ni wa kike, kilo 3 na gramu 200, na mama yake anawasalimu.

Juma lijalo tutaongea juu ya mashine ya kusaga ya wenzetu wa Sukisa na namna wanavyogawa zamu bila ugomvi. Wenye maswali juu ya gari, leteni kwenye mkutano wa Jumamosi. Mweka hazina atakuwepo, na daftari lake pia.